Nilipasuliwa, sasa mbona mkojo unanitoka nikikohoa?

SWALI

Dada shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Kigoma, huku Kibirizi, nina miaka 29 na watoto wawili, wa kwanza nilijifungua kawaida na huyu wa pili kwa kisu, sasa hivi ana miezi minne na siku kadhaa. Samahani barua itakuwa ndefu maana hili jambo nimekaa nalo moyoni na mtu wa kumwambia sina.

Uchungu ulinianza usiku kwenye saa tano, tukaenda zahanati, nikakaa pale mpaka asubuhi njia haifunguki, baadae ikafunguka nikaambiwa nisukume, nikasukuma wee mpaka nguvu zikaniisha mtoto hashuki, ndo nikakimbizwa hospitali kubwa, nikachomwa sindano ya mgongo, nikapasuliwa, mtoto akatoka salama alhamdulillah. Kidonda kilipona vizuri, nyuzi zikatolewa, sikupata usaha wala nini. Kwahiyo watu wote wakajua nimepona, na mimi mwenyewe nilijua nimepona.

Tatizo nimeliona nilivyorudi kazini. Nafanya biashara ya dagaa, nachukua mwaloni naanika nauza kwa wanaosafirisha. Miezi miwili na nusu nilikaa ndani, hela ikaisha nikasema ngoja nirudi taratibu. Siku hiyo nimeinama ninyanyue beseni la dagaa wabichi nijitwike, pale pale kwenye kunyanyua nikasikia kitu cha moto kinashuka mapajani. Mkojo dada. Sio tone, khanga ya ndani yote ililowa. Nikaliachia beseni nikakaa chini mchangani, nikajifanya naokota dagaa waliomwagika, nikaokota mmoja mmoja mpaka wenzangu wakasogea mbele. Toka siku hiyo navaa khanga mbili na kitambaa ndani. Nikikohoa kinatoka, nikipiga chafya kinatoka, nikicheka sana ndo balaa. Nikiwa nimelala au nimekaa tu hakitoki.

Alafu sio hilo tu. Nikijiinua kitandani katikati ya tumbo panatokea tuta, linasimama kama mgongo wa samaki mgebuka, nikilala tena linapotea. Juu ya kovu nikigusa sihisi kitu, ganzi kabisa, ila pembeni linavuta nikijinyoosha. Mgongo unauma hasa usiku nikinyonyesha, kila mtu ananiambia ni ile sindano, eti ukishachomwa ndo basi tena. Na tendo la ndoa, hapa naona hata aibu kuandika, linauma pale mwanzoni kama mlango umebanwa. Nashangaa, mtoto hakupita huko, sasa kwa nini paume? Mume wangu ni mtu wa ziwani, akirudi na siku zake za kukaa nje anataka mke wake, mimi natafuta visingizio, sasa na yeye ameanza kunyamaza.

Mama mkwe anaishi na sisi, ni mtu mzuri sana ila kila asubuhi ananifunga tumbo na khanga kwa nguvu zote mpaka napumua juu juu, jioni ananikanda kwa maji ya moto. Siku moja nikamgusia mgongo tu (mkojo siwezi kumwambia), akasema "kwani wewe umezaa, wewe si umetolewa mtoto umelala, sisi tumezaa saba na wiki haiishi tuko shambani". Iliniuma ila nikanyamaza. Kliniki nikamwambia nesi mmoja, akanijibu hiyo ni kawaida kwa wazazi itaisha yenyewe, huku anaandika kadi ya mtu mwingine.

Sasa juzi binti wa jirani anayesoma Mwanza akaniambia kuna fizio ya nyonga kwa waliojifungua. Nilicheka dada, mimi najua fizio ni ya waliovunjika miguu na wenye kiharusi. Naomba unieleze, mtu aliyepasuliwa anahitaji kweli hicho kitu? Wanafanyaje, wanaingiza vidole? Nikikuta ni mwanaume je? Naweza kufanya nyumbani? Dagaa nirudi lini kubeba? Na la mwisho usinicheke, wifi yangu anaolewa Ujiji baada ya miezi miwili, mimi ndo wifi mkubwa lazima nicheze, naogopa kuadhirika mbele za watu.

Ni mimi Mama Wawili, Kibirizi.

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya mtoto, maana naona kwenye hayo yote hakuna aliyekukumbusha kuwa umezaa.

Hapo ulipokaa mchangani unaokota dagaa mmoja mmoja nimeparudia mara mbili. Miaka niliyofanya hii kazi ya fizio, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mazoezi na mikono, nimekutana na mwalimu aliyeacha kusimamia mchakamchaka, na mama wa kwaya ambaye nyimbo za kurukaruka alikuwa anasingizia goti. Wote wana ujanja wao kama wako. Na wote waliambiwa "ni kawaida". Hilo neno linanikera kidogo kwa sababu lina ukweli nusu, ni kweli wanaovuja ni wengi sana, lakini malaria nayo wanaougua ni wengi na hakuna anayekwambia kaa nayo itaisha yenyewe.

Nianze na lile lililokushangaza, kwamba mtoto hakupita huko sasa kwa nini huko kuharibike. Unakijua kitanda cha kamba? Chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, kuna misuli imetandikwa hivyo hivyo kama kamba za kitanda, na juu yake ndo vimekaa kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa haja kubwa. Kazi yake ni kubeba na kufunga, kufunga mkojo, choo kikubwa na hata ushuzi. Miezi tisa yote kitanda hicho kimebeba mtoto, maji na kondo, na homoni za ujauzito zenyewe zinalegeza viungo. Kisu kinakuja siku ya mwisho kabisa, hakifuti hiyo miezi. Ni kweli wanaojifungua kwa kisu uwezekano wa kuvuja ni mdogo kuliko waliojifungua kawaida, ila haupotei, na wewe una mambo mawili zaidi, wa kwanza alipita njia ya kawaida na huyu wa pili ulimsukuma mpaka nguvu zikakuisha ndo ukapelekwa kupasuliwa. Yaani umefanya kazi zote mbili, ya chini na ya juu. Siku mama mkwe akisema tena hujazaa mjibu moyoni umezaa mara mbili kwa mpigo.

Na huko juu nako hebu tuhesabu. Kumfikia mtoto daktari anapita ngozi, mafuta, tabaka gumu jeupe linaloshikilia misuli, kisha misuli yenyewe ya tumbo ambayo kwa kawaida haikatwi, inavutwa pembeni, halafu utando wa ndani, halafu mfuko wa uzazi. Ngozi inafunga ndani ya wiki mbili hivi na ndo hiyo watu wanaiona wanasema umepona. Lile tabaka gumu baada ya wiki sita bado halijarudi kwenye nguvu yake yote, linaendelea kujijenga kwa miezi. Ganzi unayoisikia ni vineva vidogo vya ngozi vilivyokatwa, vinarudi polepole kwa miezi, na kwa wengine kakipande kadogo kanabaki na ganzi moja kwa moja, hakana shida. Kwa hiyo wewe hapo mwaloni uliinamia beseni la kilo sijui ngapi na tumbo ambalo nje limefunga ila ndani bado linajengwa, na kitanda cha chini kamba zimelegea. Mkojo usingetoka ningeshangaa.

Kabla ya mazoezi kuna vitu naomba vitazamwe kwanza. Umesema ukilala au ukikaa hautoki, hiyo inanipa amani, ndo mvujo wa misuli. Mwingine anayesoma hapa, kama wewe mkojo unatiririka muda wote, usiku na mchana, bila hata kukohoa, hasa uchungu ulikaa muda mrefu kama wa huyu dada, usianze mazoezi yoyote, nenda hospitali ukaseme mkojo unatiririka muda wote, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na inatibika, hospitali ya CCBRT pale Dar wanaitibu bure. Ukikojoa panaunguza nenda ukapime mkojo. Na yeyote aliyepasuliwa karibuni akiona homa, kidonda kinatoa usaha au kinanuka, damu nyingi, au mguu mmoja umevimba unauma, hiyo sio ya fizio, ni ya kukimbilia hospitali leo leo. Lile tuta lako nalo, likiwa linabaki limetokeza hata ukilala, au linauma, likaangaliwe na daktari maana inaweza kuwa ngiri. La kwako linapotea ukilala kwa hiyo nafikiri ni misuli miwili ya mbele imeachana tu. Ujipime hivi: lala chali, kunja magoti, weka vidole juu ya kitovu vikielekea miguuni, nyanyua kichwa kidogo, usikie kingo mbili zinavibana vidole. Hesabu vinaingia vingapi. Kimoja, viwili hiyo haisumbui watu wengi. Vikiingia vitatu, vinne, na vinazama kama kwenye unga, mwambie mtu wa fizio.

Sasa huko fizio wanafanyaje. Kwanza maneno. Watakuuliza unakojoa mara ngapi, unakunywa nini, choo kikubwa kikoje, tendo linauma wapi, tena watakuuliza bila kupepesa macho maana ndo kazi. Kisha watatazama unavyosimama, unavyopumua, unavyonyanyua kitu, watashika kovu na tumbo. Vidole, ndiyo, kipo kipimo cha kidole kimoja chenye glovu ukeni, kinasaidia kujua misuli imelegea au imekaza kupita kiasi, lakini hakifanyiki bila wewe kukubali na ukikataa hufukuzwi, wanaweza kugusa kwa nje juu ya khanga au wakakuelekeza kwa maneno. Ukikuta ni mwanaume una haki ya kuomba wa kike, na kama siku hiyo hayupo omba mtu wako au nesi wa kike akae chumbani. Hata Ufaransa huko, mama akishajifungua anaandikiwa vipindi vya mazoezi ya nyonga na bima ya afya ya taifa inalipa, hakuna anayecheka eti ni ya waliovunjika miguu.

Kwa hapo Kigoma nenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza fiziotherapia. Ukiweza pitia kliniki ya mama na mtoto wakuandikie, na uulize gharama mapema usije ukarudishwa dirishani. Nikuambie ukweli wa kazi yetu, sio kila mtu wa fizio amesomea nyonga kwa undani, wengi mikono yao imezoea mifupa na viharusi, kwa hiyo usione haya kuuliza "kuna anayeshughulika na waliojifungua?". Asipokuwepo, bado kwa tumbo, kovu, mgongo na upumuaji watakufaa vizuri tu, na kama itabidi wakuandikie kwenda Bugando, ile hospitali kubwa ya rufaa kule Mwanza.

Nyumbani sasa, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu wengi wanakosea. Utaambiwa "kaza, kaza", yale mazoezi yanaitwa kegeli, kwa jina la daktari wa Marekani Arnold Kegel aliyeyaandikia mwaka 1948. Ni mazuri. Ila wewe una maumivu pale mlangoni, na maumivu ya aina hiyo mara nyingi ni misuli iliyojikunja kwa woga, haijui kuachia. Misuli inaweza kuwa dhaifu na imekaza kwa wakati mmoja, kama mkono uliokunja ngumi kutwa nzima, ukiambiwa shika beseni hauna nguvu. Ukianza kukaza juu ya mkazo utaumia zaidi. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza jifunze kuachia. Piga magoti, panua magoti, inama mpaka paji la uso liguse mkeka, mkao kama wa kusujudu lakini umetanua, pumua taratibu kwa pua tumbo lijae, usikie kule chini kunashuka na kufunguka kama unaanza kukojoa. Dakika tano, asubuhi na usiku. Usisukume, acha pumzi ifanye.

Kisha ndo ukaze. Upo kwenye hiace ya Ujiji imejaa, ushuzi umekushika, utafanyaje? Hiyo hiyo. Bana kwa nyuma, leta mbele kama unazuia mkojo, vuta kwa ndani kwenda juu. Makalio yasijikunje, mapaja yasibanane, pumzi isizuiwe, kama huwezi kusema "bismillahi" huku umebana basi umebana vitu vingi. Shika hesabu ya tatu, achia kabisa hesabu ya tatu, kuachia nako ni zoezi. Ukizoea fika tano, taratibu mpaka kumi. Mara kumi kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku, na mwishoni ongeza za haraka haraka, bana achia bana achia mara kumi. Fanya kila unapomnyonyesha mtoto hutasahau. Usijizoeze wakati unakojoa kwa kukata mkojo katikati, hiyo inavuruga kibofu. Ukiona kukaza kunaleta maumivu rudi kwenye kusujudu na umwambie mtu wa fizio. Na usitegemee wiki moja, misuli inataka kama miezi mitatu ya kila siku, wengi wanaacha wiki ya tatu wanasema hayasaidii.

Kovu. Lako limefunga siku nyingi, kwa hiyo osha mikono, paka mafuta kidogo, vidole viwili, sogeza ile ngozi juu, chini, pembeni, zungusha, kama unataka ngozi iteleze juu ya kilicho chini yake, dakika tano kwa siku. Hapo linapovuta ndo pa kukaa zaidi. Mafuta ya nazi, ya mtoto, yoyote, ila mawese hapana, sio kwamba yana ubaya, ni khanga zako tu nazihurumia. Pale penye ganzi papitishe kitambaa laini, siku nyingine taulo, ngozi ijifunze kuguswa tena.

Kutoka kitandani usijiinue kama umekaa wima ghafla, ndo hapo mgongo wa mgebuka unapotokea. Geuka ubavu, shusha miguu, jisukume na mkono. Mgongo wenyewe, mdogo wangu, sindano usiisingizie sana. Pale ilipochomwa panaweza kuuma siku kadhaa, lakini mgongo wa miezi minne mara nyingi unatoka kwenye tumbo ambalo halisaidii kubeba, na ule mkao wa saa nane usiku umejikunja unamfuata mtoto. Mlete mtoto juu na mto, wewe egemea ukuta.

Khanga ya mama mkwe. Kufunga kwa kujisitiri na kupata kaegemeo kidogo hakuna neno. Lakini kufungwa mpaka unapumua juu juu, fikiria mfuko wa nailoni wenye maji, ukiubana katikati maji yanakwenda wapi? Chini. Kwenye kitanda chenye kamba zilizolegea. Kwa hiyo kila asubuhi anakufunga kwa upendo na kila asubuhi anausukuma mkojo nje. Na tumbo kuachana hakufungwi kwa khanga. Maji ya moto ndo yananitisha zaidi, kwa sababu hapo penye ganzi huwezi kujua yamezidi moto, utashtukia ngozi imebabuka. Mgongo na miguu akukande tu kwa maji ya vuguvugu, tena ni raha, tumboni hapana.

Kunywa maji, usijibane eti usivuje, mkojo mzito unakera kibofu na wewe unanyonyesha. Chai ya rangi na kahawa punguza uone kama kuna tofauti. Choo kigumu nacho ni adui, ukikamua kila siku unaharibu unachojenga, ugali wa muhogo na dagaa ni chakula kitamu sana lakini ongeza majani, maharage, parachichi, papai. Choo cha kuchuchumaa kinakufaa, mwenye cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu.

Beseni sasa. Wiki sita za kwanza mtu hatakiwi kubeba kizito kuliko mtoto wake, hizo umeshazipita, ila ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na beseni la dagaa wabichi halina tofauti kubwa. Anza na robo. Lisogelee mpaka likuguse, mguu mmoja mbele, kunja magoti sio mgongo, bana kule chini KABLA hujanyanyua, halafu nyanyua huku unatoa pumzi, kama unapuliza moto wa kuni. Kunyanyua umezuia pumzi ndo kulikoleta yale ya siku ile. Kukohoa ni vile vile, bana kwanza ndo ukohoe, hii moja tu ukiizoea utaona tofauti mapema kuliko mazoezi yote mengine. Robo ikikaa wiki mbili bila kuvuja wala uzito kushuka huko chini, nenda nusu. Kujitwika mwombe mwenzako akutwishe, wala haitakupunguzia kitu. Ukisikia kama kuna kitu kinashuka ukeni, kizito, kama unakalia mpira, acha kubeba na uende ukaonwe.

Mume. Mwambie. Sio "naumwa", mwambie hasa, inauma mwanzoni kama mlango umebanwa na natibiwa. Mwanaume anayenyamaza mara nyingi anafikiri hapendwi, akijua ni misuli na kovu akili inamtulia, na wa ziwani wanaelewa habari za kamba kuliko watu wote. Ukinyonyesha homoni zinashuka huko kunakuwa kukavu, hilo nalo linachangia maumivu, kwa hiyo nunua jeli ya kulainisha ya maji duka la dawa, mafuta yasitumike kama mnatumia kondomu yanaiharibu. Msilazimishe, ikiuma mnaacha, maana mwili ukiumizwa mara tatu mara nne unajifunza kujifunga wenyewe kabla hata hajakugusa. Na mkiwa kliniki ulizeni uzazi wa mpango, Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 angalau kabla ya mimba nyingine, na wewe mfuko wa uzazi una mshono.

Mama mkwe simgombezi, na usimgombeze. Mpe kazi. Mwambie mama hospitali wamesema nisifungwe tumbo ila nikandwe miguu, na kuna nusu saa ya mazoezi naomba unishikie mtoto. Ukiweza nenda naye siku ya fizio akasikie mwenyewe. Alafu siku moja mkiwa wawili tu, jikoni mnachambua dagaa, mwambie kuhusu mkojo. Najua unaogopa. Lakini mtu aliyezaa saba na kurudi shambani kabla wiki haijaisha, mwangalie vizuri anavyovaa khanga zake na anavyokwenda chooni kila kabla ya safari ya hapo Mwanga tu. Usishangae akakuuliza na yeye, kwa sauti ya chini, hayo mazoezi yanafanywaje.

Harusi bado miezi miwili. Ukianza leo hutakuwa umemaliza ila utakuwa mbali na hapo ulipo. Siku hiyo vaa pedi nzuri, kojoa kabla hujaingia, soda usizigide. Zile za kurukaruka waachie mabinti. Wewe wifi mkubwa cheza ya kiuno, taratibu, miguu iko chini, kiuno ndo kinaongea, kwanza kinalegeza nyonga, ni kama nimekuandikia zoezi.